Vidonge vya kuzuia estrojeni havitakukausha maji

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 29, nanyanyua vyuma na mwezi ujao napanda jukwaani kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya umbo. Nimepungua vizuri, ila mapaja na tumbo la chini bado havijakauka. Kocha amenipa tamoksifeni ninywe kila siku kuanzia sasa, kisha letrozoli siku kumi za mwisho. Anasema estrojeni ndiyo inayoshika maji kwa wanawake, ukiizima yanatoka yenyewe. Naona hata wenzangu wanatumia. Mama yangu mdogo alimeza tamoksifeni miaka mitano baada ya saratani ya titi na hakupata shida. Je, kwa siku chache hizi kuna hatari gani hasa? Kwa sasa situmii njia yoyote ya uzazi wa mpango, na hedhi yangu imeanza kuruka miezi.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Kama hujaanza, usianze. Kama umeshaanza, acha leo, na huko mbele nitakueleza la kufanya.

Wengi wakiulizwa swali kama lako hukimbilia kutaja madhara: donge la damu, mifupa, macho. Nitafika huko. Lakini naanza na jambo ambalo kocha wako hakukuambia, pengine kwa sababu naye hakuambiwa. Kwa mwanamke wa umri wako ambaye ovari zake bado ziko hai, dawa hizi hazina uwezo wa kufanya kazi uliyoahidiwa. Letrozoli inaweza kuziamsha ovari zako zichape kazi kuliko kawaida, na tamoksifeni inaweza kupandisha estrojeni iliyomo kwenye damu mara kadhaa juu ya kiwango chako cha sasa. Unatakiwa ubebe hatari za dawa ya saratani, na unachopata kinaweza kuwa kinyume kabisa cha ulichokitafuta.

Mtindo huu umeletwa na wanaume. Mwanaume anayejidunga testosteroni kwa dozi kubwa anapata tatizo ambalo wewe huna. Ndani ya mafuta na tishu nyingine za mwili kuna kimeng'enya kinachoitwa aromatesi, ambacho huigeuza testosteroni kuwa estrojeni. Sindano zikizidi, estrojeni nayo hupanda, na mwanaume huyo huanza kuvimba uso na vifundo vya miguu, na matiti yake huota. Ndipo watu wa gym wakazichukua dawa za saratani ya titi. Anastrozoli, letrozoli na eksemestani huizuia aromatesi yenyewe, na tamoksifeni huziba mahali estrojeni inapojishikiza kwenye titi. Siwasifu hata kidogo, ila kwao angalau kuna mantiki. Testosteroni yao inatoka kwenye bomba la sindano, na ubongo wao ulishaacha zamani kuziamuru korodani zifanye kazi. Ukiizuia aromatesi ndani ya mwili wa namna hiyo, hakuna anayejibu.

Kwako yupo anayejibu. Estrojeni yako kubwa hutengenezwa ndani ya ovari, na ovari haziamki zenyewe. Haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, huipa ishara tezi ya pituitari, nayo pituitari humimina homoni mbili ziitwazo FSH na LH ambazo huziamuru ovari zikuze mayai na kutoa estrojeni. Ubongo hujua kama kazi imefanyika kwa kupima estrojeni inayorudi na damu. Ikishuka ghafla, au vipokezi vyake, yaani mahali inapojishikiza, vikizibwa ubongo ukadhani haipo, pituitari huongeza amri. FSH inapanda, ovari zinasukumwa, mayai yanakua, na estrojeni inaongezeka.

Madaktari wa uzazi wanaujua mzunguko huu vizuri na wanautumia kila siku. Mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki, hasa mwenye ugonjwa wa ovari zenye vimbe nyingi ndogo, hupewa letrozoli miligramu 2.5 hadi 7.5 kwa siku, kwa siku tano, kuanzia karibu na siku ya tatu ya hedhi. Lengo ni apevushe yai na ashike mimba. Tamoksifeni nayo imewahi kutumika kwa kazi hiyo hiyo, maana ni ndugu wa karibu wa klomifeni, dawa kongwe ya kutafuta ujauzito. Sasa rudi kwenye ulichoniandikia: umepewa dawa mbili zinazoweza kuamsha mayai, na huna kinga yoyote ya mimba. Naomba usiipite sentensi hiyo haraka. Hedhi inayoruka miezi haikuhakikishii kwamba huwezi kushika mimba. Yai linaweza kupevuka kabla ya hedhi yoyote kuonekana, na ukashika mimba huku vidonge vikiwa mwilini. Dawa zote mbili zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Letrozoli inapotolewa kwa ajili ya uzazi, hutolewa mwanzoni mwa mzunguko ili iwe imeshatoka kabla mimba haijajipandikiza. Ya kwako imepangwa kufuata tarehe ya mashindano.

Hii pia ndiyo sababu letrozoli, anastrozoli na eksemestani ziliidhinishwa kwa ajili ya wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Kwa mwanamke huyo ovari zimenyamaza, estrojeni yake kidogo inatoka kwenye aromatesi ya mafuta na tishu nyingine, na ukiizuia kweli inashuka karibu na sifuri. Mgonjwa wa saratani ya titi aliye kijana akihitaji dawa za kundi hili, madaktari huzizima kwanza ovari zake, kwa sindano kama goserelini au kwa upasuaji. Hakuna mtaalamu wa saratani anayempa msichana letrozoli peke yake akitarajia estrojeni ipungue.

Labda utasema: lakini hedhi yangu imeanza kuruka, huenda ovari zangu nazo zimenyamaza. Inawezekana, na hapo hali ni mbaya zaidi. Mwanamke anayekula kidogo na kufanya mazoezi makali kwa miezi mingi hufika mahali ubongo unazima mfumo wa uzazi ili kubana matumizi ya nishati. Watafiti wameona mambo yanaanza kuvurugika nishati inayobaki baada ya mazoezi ikishuka chini ya takriban kilokalori 30 kwa kila kilo ya mwili usio mafuta kwa siku, ingawa si ukuta ulio sawa kwa kila mtu. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua mkusanyiko huu wa matatizo, upungufu wa nishati kwa wanamichezo, ikaeleza kwamba unagusa mifupa, moyo, kinga ya mwili, akili na hedhi. Mwanamke aliye katika hali hiyo estrojeni yake tayari iko chini. Pituitari yake haina nguvu ya kupandisha amri, kwa hiyo letrozoli kwake itaishusha estrojeni zaidi, na mifupa ndiyo italipa.

Tena jiulize swali dogo hapa. Ikiwa estrojeni yako imeshashuka kiasi cha hedhi kuruka, na bado unaona "maji" kwenye mapaja, estrojeni inashutumiwa kwa ushahidi gani?

Sisemi haihusiani kabisa na maji. Inahusiana, ila si kwa namna inayosimuliwa gym. Estrojeni hushusha kiwango ambacho ubongo huanza kutoa vasopresini, homoni inayoziambia figo zibakize maji, na huongeza kidogo ujazo wa maji ya damu. Projesteroni, mwenzake wa nusu ya pili ya mzunguko, hushindana na aldosteroni, homoni inayoziambia figo zibakize chumvi, na hivyo husukuma chumvi itoke, kisha mwili hujibu kwa kuongeza aldosteroni. Ni mvutano wa homoni kadhaa, na figo ndizo zinazotoa hukumu ya mwisho. Nchini Kanada, watafiti waliwafuatilia wanawake 62 kwa mwaka mzima, jumla ya mizunguko 765, wakiandika kila siku jinsi walivyohisi kuvimba. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011. Kuvimba kulifikia kilele siku ya kwanza ya damu kutoka, na kulikuwa kidogo zaidi siku chache baada ya hedhi kwisha. Siku ya kwanza ya damu ndiyo estrojeni na projesteroni zote zimeshuka! Watafiti hao hawakukuta uhusiano kati ya viwango vya homoni hizo na kuvimba kule. Na ukitaka ushahidi usiohitaji maabara, watazame wanawake waliokoma hedhi. Kama estrojeni ndiyo ingekuwa inashika maji, wote wangekauka wakifika miaka 55. Hawakauki, na wengi wao ndio wanaolalamika miguu inavimba jioni.

Fungua sasa karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la tamoksifeni. Katika orodha ya madhara yanayotokea mara kwa mara utakuta mwili kubakiza maji. Kwenye ya letrozoli utakuta kuvimba miguu na mikono. Kama vidonge ulivyopewa havina boksi wala karatasi, vimefungwa tu kwenye kimfuko, basi hata hujui kilichomo ndani ni nini na ni miligramu ngapi, na hapo mjadala wetu wote unabaki wa kukisia.

Nadhani hayo mapaja yako hayana maji ya kukaushwa. Yana mafuta ya kawaida ya mwanamke. Estrojeni ina sehemu kubwa katika kuamua mafuta yakae wapi, na kwa wanawake hupendelea nyonga, mapaja na chini ya kitovu. Mafuta ya pale huyeyuka mwisho, baada ya uso, mikono na kifua, na hakuna kidonge cha wiki tatu kinachobadili mpangilio huo. Jipime hivi: bonyeza kwa kidole gumba mbele ya mguu juu ya mfupa wa muundi, ushikilie sekunde kama kumi, kisha achia. Kikibaki kishimo, yapo maji yaliyokusanyika. Fanya vivyo hivyo pajani. Ngozi ikirudi mara moja, unachokibonyeza kina uwezekano mkubwa wa kuwa mafuta. Kwa makocha neno "maji" lina faida moja: linaahidi kwamba tatizo litaondoka kwa siku chache. Mafuta hayatoi ahadi hiyo.

Sasa hatari, maana ndizo ulizoziuliza.

Inayonisumbua kuliko zote kwako ni donge la damu. Tamoksifeni si kizuizi cha estrojeni mwili mzima. Kwenye titi huizuia, lakini kwenye ini na kwenye ukuta wa ndani wa kizazi hutenda kama estrojeni yenyewe, na ini likichochewa hivyo hubadilisha uwiano wa vitu vinavyogandisha damu. Katika jaribio kubwa la kuzuia saratani ya titi lililofanyika Marekani na Kanada, likachapishwa mwaka 1998, wanawake 13,388 wasio na saratani waligawanywa, nusu wakapewa tamoksifeni na nusu kidonge kisicho na dawa. Madonge yaliyofika kwenye mapafu yalitokea kwa wanawake 18 upande wa tamoksifeni na 6 upande wa pili. Idadi ni ndogo, na nyingi ilikuwa kwa waliopita miaka 50. Nakwambia hivyo kwa sababu sipendi kumtisha mtu kwa takwimu iliyokatwa nusu. Lakini wanawake wale walichujwa kwanza, walikuwa wanakunywa maji, na hawakuwa wanajikausha. Wewe katika wiki ya mwisho utakuwa umepunguza maji, pengine umepewa na dawa ya kukojosha, damu imekuwa nzito, halafu unasafiri saa kadhaa umekaa kwenye gari au ndege. Kila kimoja kati ya hivyo kinaongeza hatari ya damu kuganda, na hakuna jaribio lililowahi kupima mchanganyiko huo. Kama kwenu kuna mtu aliyewahi kupata donge mguuni au mapafuni akiwa kijana, au mama aliyepoteza mimba mara kwa mara, huenda una urithi wa damu inayoganda upesi bila kujua. Madaktari huuliza hayo kabla ya kuandika tamoksifeni. Kocha aliuliza?

Nimetaja dawa za kukojosha, na ni lazima nizitolee neno, kwa sababu huwa ndizo hatua inayofuata vidonge vya kuzuia estrojeni visipoleta mabadiliko. Furosemidi huzoa maji pamoja na potasiamu na magnesiamu. Spironolaktoni hubakiza potasiamu hadi inaweza kuzidi. Moyo hupiga kwa kutegemea madini hayo, na yakipotoka unaweza kusimama ghafla kwa mtu ambaye kwa nje anaonekana ana afya kuliko wote ukumbini. Mohammed Benaziza, mtunisha misuli mashuhuri mzaliwa wa Algeria, alifariki Oktoba 1992 nchini Uholanzi saa chache baada ya kushinda shindano, na kifo chake kilihusishwa na dawa za kukojosha na kujikausha. Ukiona kwenye mpango wako kuna kidonge kingine kimeandikwa siku mbili za mwisho, uliza jina lake.

Mifupa na viungo vinakuja baada ya hapo. Katika jaribio lililolinganisha anastrozoli na tamoksifeni kwa wanawake zaidi ya 9,000 waliokoma hedhi, waliovunjika mifupa katika miaka kama mitano ya matibabu walikuwa asilimia 11 upande wa anastrozoli na 7.7 upande wa tamoksifeni. Maumivu ya viungo yaliwapata zaidi ya theluthi moja ya waliotumia anastrozoli. Siku kumi za letrozoli hazitakuvunja nyonga, hilo nakubali. Ila sijaona mwanamichezo aliyeanza kwa siku kumi akaishia hapo. Msimu unaofuata zinakuwa wiki nne, na katikati kuna miezi ya kula kidogo na hedhi iliyokatika, katika umri ambao mwanamke anapaswa kuwa analinda mfupa aliouweka akiba tangu ujana. Viungo vya vidole na magoti, vyenyewe, vinaweza kuanza kuuma ndani ya wiki chache tu. Ukiwa unachuchumaa na chuma mabegani utaona tofauti.

Mengine nayapitia haraka. Joto la ghafla usoni na kifuani, usingizi kukatika, hasira za karibu, ukavu ukeni, uchovu. Vimbe maji kwenye ovari, ambavyo kwa mwanamke kijana anayetumia tamoksifeni si jambo la ajabu na mara chache huweza kujisokota na kuleta maumivu makali ya ghafla. Macho kuona ukungu, ingawa hilo huwapata zaidi wanaotumia muda mrefu. Kuhusu saratani ya ukuta wa kizazi, ambayo watu hupenda kuitaja, nayo imeonekana hasa kwa wanawake waliopita miaka 50 na baada ya matumizi ya muda mrefu, kwa hiyo sitaifanya hoja yangu. Na kama mashindano yenu yana upimaji, jua kwamba Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli limezipiga marufuku dawa za makundi yote mawili wakati wote, ndani na nje ya mashindano.

Umesema "siku chache hizi". Tamoksifeni haijui habari ya siku chache. Baada ya kidonge kimoja huchukua siku tano hadi saba ipungue nusu mwilini, na zao lake kuu, yaani kile inachogeuzwa kuwa ndani ya mwili, huchukua kama siku 14. Ukinywa kila siku, kiwango cha damu kinakuja kutulia baada ya wiki kama nne. Kwa hiyo ukianza leo, itafika nguvu yake kamili karibu na siku ya jukwaa, halafu utarudi nyumbani ukiwa nayo kwa wiki nyingi. Ndiyo maana mwanamke anayeiacha huambiwa aendelee kujikinga na mimba kwa miezi kadhaa kwa njia isiyo ya homoni, kama kondomu au kitanzi cha shaba. Letrozoli huondoka mapema zaidi, hupungua nusu kwa takriban siku mbili, lakini nayo huhitaji kama wiki mbili kuisha.

Mama yako mdogo alikuwa katika mizani nyingine. Kwa saratani ya titi yenye vipokezi vya estrojeni, tamoksifeni ya miaka mitano hupunguza uwezekano wa saratani kurudi katika miaka hiyo kwa karibu nusu, na vifo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15. Hiyo ni faida kubwa kiasi kwamba daktari na mgonjwa wanakubali hatari ya donge kwa macho wazi, wakiifuatilia. Tena kwake kupanda kwa estrojeni ya damu hakukuwa na uzito, kwa sababu lengo lilikuwa kuziba vipokezi vya titi, na hilo dawa inalifanya hata estrojeni ikiwa juu. Wewe huna uvimbe wa kuzuiwa. Upande wako wa mizani ambako faida ingekaa hakuna kitu. Nisomwe vizuri hapa: msomaji yeyote aliyeandikiwa dawa hizi kwa saratani asiache hata siku moja kwa sababu ya jibu hili. Azungumze na daktari wake.

Kocha atakuambia fulani alizitumia akatoka amekauka kama jani. Huyo fulani siku ile pia alikuwa amepunguza wanga, amepakwa rangi, amesimama chini ya taa kali, na huenda alimeza kitu cha kukojosha ambacho hakukitaja. Sifa zote vikapewa vidonge vya kuzuia estrojeni.

Kama kweli una maji ya ziada, yana njia zisizo na dawa. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli, yaani glaikojeni, kila gramu yake hukaa na gramu kama tatu za maji, ndiyo maana mtu akipunguza wanga hushuka kilo mbili ndani ya siku chache, na akirudisha zinarudi. Kosa linalofanyika sana ni kukata maji na chumvi ghafla siku za mwisho. Msuli ni maji kwa karibu robo tatu, hivyo ukijikausha unaukausha nao, na wengi hupanda jukwaani bapa. Ukikata chumvi, aldosteroni hupanda, kisha chumvi kidogo tu ikirudi mwili unaing'ang'ania. Afadhali uviweke viwango vyako vya maji na chumvi palepale vilipozoea hadi siku yenyewe. Chunguza pia unachomeza kwa maumivu: ibuprofeni na diklofenaki huzifanya figo zibakize chumvi na maji, na wanaonyanyua vyuma huzimeza kama pipi. Usingizi mfupi na mazoezi ya saa nyingi juu ya njaa huongeza kotisoli, homoni ya msongo, nayo ina mkono wake katika kuvimba. Na tazama kalenda. Kama siku ya jukwaa itaangukia mwanzo wa hedhi, tarajia kuvimba kidogo, na jua kwamba siku tatu nne baadaye kungepungua kwenyewe.

Kuvimba kunakohitaji daktari kuna sura yake: mguu mmoja tu, au uso na macho asubuhi, au miguu yote pamoja na pumzi fupi, au mkojo wenye povu, au kishimo kinachobaki ulipobonyeza. Hapo tunatafuta moyo, figo, ini, tezi ya shingo, mimba, na dawa nyingine unazotumia.

Ikiwa umeshameza baadhi ya vidonge, fanya hivi. Acha, bila kupunguza polepole, kwa matumizi ya siku chache haihitajiki. Pima mimba sasa, na urudie baada ya wiki tatu kama umekutana na mwanaume. Tumia kondomu, usikimbilie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni wakati tamoksifeni bado imo. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama wafarini, piga simu kliniki leo, kwa sababu tamoksifeni huiongezea nguvu hadi kutokwa damu. Usijikaushe maji kwa wiki kadhaa zijazo, hata kama utaendelea na mashindano. Na ukipata mguu mmoja unaouma na kuvimba, maumivu ya kifua unapovuta pumzi, pumzi kukatika, kukohoa damu, uso kupinda, mkono kulegea, maneno kugoma, au maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo la chini, nenda hospitali saa hiyo hiyo na utaje jina la kidonge ulichomeza. Usiogope kusemwa. Daktari wa zamu asipojua, atapoteza muda akitafuta mahali pengine.

Vidonge vilivyobaki vipeleke kwenye duka la dawa wavitupe wao, usimpe mwenzako wa mazoezi.

Halafu hilo la hedhi kuruka, ambalo uliliandika mwishoni kama vile halina uzito. Kwangu lina uzito kuliko mapaja. Ongeza chakula kabla ya kitu kingine chochote, hata kama ni kuahirisha jukwaa hadi msimu ujao. Ikipita miezi mitatu bila hedhi na huna mimba, muone daktari wa wanawake au wa homoni, akupime FSH, LH, estrojeni, prolaktini na tezi ya shingo, na ikiwa imekatika kwa nusu mwaka au zaidi, muulize kuhusu kipimo cha uimara wa mifupa. Mwambie na ulichomeza na lini, maana tamoksifeni ikiwa bado kwenye damu inaweza kuvipotosha vipimo hivyo, na huenda akataka kusubiri wiki kadhaa kabla ya kukutoa damu.